Familia ya mtumishi katika kanisa la Kihispania: jibu kwa ndugu wa Mbeya anayejiandaa kwenda Valencia

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yetu, na hongera kwa wito. Umeeleza kwamba ushirika wenu huko Mbeya umewaomba wewe, mkeo na watoto wenu watatu mwende Hispania, katika jimbo la Valencia, kuhudumu katika kanisa linaloabudu kwa Kihispania. Umeuliza maisha ya huko yakoje, watoto watasomaje, na huduma yenyewe inaendeshwaje. Mimi ni mke wa mchungaji. Mume wangu na mimi tumehudumu kwa miaka kadhaa pembezoni mwa jiji la Valencia, katika jimbo hilohilo, na kulea watoto wetu huko, kwa hiyo nitajibu kutokana na yale tuliyoyaishi. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua mengine.

Kanisa mtakalolikuta huenda lisiwe la Wahispania wazawa. Makanisa mengi ya kiinjili katika miji ya Hispania yamejaa watu waliotoka Ekuador, Kolombia, Bolivia, Honduras na Venezuela, na Wahispania wenyewe ni wachache, mara nyingi wazee. Katika ushirika wetu wengi ni wanawake, na sehemu kubwa ya wanawake hao hutunza vikongwe majumbani, wakilala hukohuko kazini wiki nzima. Kanuni za kazi za nyumbani za mwaka 2011 zinawapa saa 36 mfululizo za mapumziko kila wiki, kwa kawaida Jumapili nzima pamoja na jioni ya Jumamosi au asubuhi ya Jumatatu. Ndani ya saa hizo mama anatakiwa alale, afue, atume fedha kwao, aongee na watoto aliowaacha kwa bibi yao, kisha aje kanisani. Mtumishi anayefika na ratiba ya nyumbani, yaani Jumatano mafundisho ya Biblia, Ijumaa mkesha, Jumamosi mazoezi ya kwaya, atafundisha viti vitupu, na atadhani watu hawana bidii. Bidii wanayo ya kutosha. Muda ndio haumo mikononi mwao.

Kwa hiyo kanisa letu liliweka karibu kila kitu Jumapili. Ibada huanza saa tano asubuhi, chakula cha pamoja huliwa saa nane mchana, ambayo ndiyo saa ya kawaida ya chakula cha mchana nchini humo, na watu hubaki hadi jioni. Wengi wamepanga kitanda tu katika chumba cha kuchangia, mahali pa kulala usiku mmoja wa mapumziko, hivyo ukumbi wa kanisa ndio sebule yao. Katikati ya juma tuna maombi kwa njia ya simu saa nne usiku, wakati vikongwe wameshalala, na wanaoshiriki huomba kwa kunong'ona ili wasimwamshe mgonjwa wa chumba cha pili.

Nikueleze jambo moja ili uone ninachokisema. Tuna mama mmoja wa Honduras ambaye kila Jumapili baada ya chakula huingia jikoni kwa kanisa, huegemeza simu kwenye kopo la sukari, na kumsimamia mwanawe kazi za shule. Alasiri ya Valencia ni asubuhi kwao. Mtoto anaonyesha daftari mbele ya kamera, mama anamwambia afute na kuandika upya, na akina mama wengine wanaendelea kuosha sufuria nyuma yake bila kugonganisha vyombo. Katika huduma yetu yote sijaona kitu kilichonifundisha zaidi kwamba kazi ya kanisa hilo ni kuwapa watu mahali pa kuwa familia. Mahubiri ya mume wangu yana nafasi yake na nayaheshimu, lakini watu hawa huwa tayari kuyasikiliza kwa sababu wameshakaa mezani petu.

Na kuhusu meza, msiogope. Chakula cha Amerika ya Kilatini kiko karibu na chetu kuliko kile cha Wahispania. Wanakula maharage na wali, muhogo, ndizi za kupika na mahindi kwa namna nyingi, na katika maduka yao utapata unga mweupe wa mahindi wa kupikia arepa, yaani vimkate vya mahindi, ambao, ingawa umeshapikwa kiwandani na hauna ladha kamili ya sembe, watoto wako watauona kuwa ugali.

Mtakapokuwa na mchango wa pekee, kama familia kutoka kwetu, ni katika msiba. Mhamiaji asiye na kibali akiondoka Hispania hana uhakika wa kurudi, hivyo mama yake anapofariki Cochabamba kule Bolivia au Guayaquil kule Ekuador, yeye humzika kwa kuangalia simu. Wahispania huzika au kuchoma mwili haraka, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, kutokea kwenye majengo maalumu ya kuagia marehemu, kisha kila mtu hurudi kazini. Dada mmoja wa Bolivia alipofiwa na mama yake, mume wangu alimwomba mwajiri wake amruhusu aje kwetu jioni ile. Tukatandika mikeka sebuleni, tukapika uji, tukaimba, na wengine wakalala palepale sakafuni kama tunavyofanya nyumbani Tanzania. Hakuna aliyetufundisha hayo katika chuo cha Biblia. Tangu siku hiyo ushirika umeyafanya kuwa desturi yake, na Wakolombia huendelea na ibada ya jioni hadi siku ya tisa kwa mazoea ya kwao, ingawa tumewaomba iwe maombi ya kuwafariji waliobaki badala ya kumwombea marehemu.

Jambo la pili litakaloingia katika kila mazungumzo ya kichungaji ni hati. Mhamiaji hujiandikisha kwenye daftari la wakazi la manispaa, ambalo kila mtu huliita padrón, na tarehe ya kujiandikisha huwa ushahidi wa muda aliokaa nchini. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Mei 2025, aliyekaa miaka 2 anaweza kuomba kibali cha ukaazi kwa njia ya kujikita nchini, akitimiza masharti mengine. Awali ilikuwa miaka 3. Sasa mwenye nyumba mmoja akikataa kumwandikisha mpangaji wake, amemzuia mtu huyo kuanza kuhesabiwa, na wewe mchungaji ndiye utakayeletewa machozi. Utaombwa barua za kuthibitisha kwamba fulani ni muumini tangu mwaka fulani. Andika ukweli mtupu, hata unapoumiza, kwa sababu barua moja ya uongo huharibu jina la kanisa kwa wote watakaokuja baadaye. Wala usijifanye mwanasheria. Wapeleke kwa mawakili wanaosaidia wahamiaji, na ofisi za Cáritas, shirika la misaada la Wakatoliki, zimewasaidia watu wetu wengi bila kuwauliza dhehebu. Ujue pia kwamba raia wa nchi za Amerika ya Kilatini anaweza kuomba uraia baada ya miaka 2 ya ukaazi halali, lakini sisi Watanzania tunasubiri miaka 10. Utawaona waumini wako wakipata pasipoti huku wewe ukiendelea kuhuisha kadi yako ya ukaazi, na ni vema mlijue hilo kabla.

Kuhusu ukumbi nitasema kwa kifupi. Makanisa mengi yamo katika vyumba vya maduka chini ya maghorofa ya makazi, au katika maghala ya maeneo ya viwanda. Manispaa hutaka kibali cha kufungulia na kuta zinazozuia sauti, na jirani wa ghorofa ya kwanza akiita polisi kwa ajili ya ngoma, watakuja. Tunapiga kinanda na kajoni, yaani ngoma ya sanduku la mbao, kwa kiasi, na kila Krismasi akina mama hupeleka keki kwa majirani wa jengo zima.

Sasa watoto. Shule ni ya lazima kuanzia umri wa miaka 6 hadi 16, shule za umma hazina ada, na mtoto huwekwa darasani kwa mwaka wake wa kuzaliwa, hata kama hajui neno la Kihispania. Mwaka wa masomo huanza Septemba na kuishia Juni, kwa hiyo mkiweza, fikeni Julai ili wapate miezi ya kucheza na watoto wa kanisani kabla ya kuingia darasani. Mahali mlipotajiwa, Kivalencia hufundishwa pamoja na Kihispania, na watoto wenu watajifunza lugha mbili kwa mpigo. Wataziweza. Watoto wetu wadogo walianza kuwatafsiria wazazi dukani mapema sana, na hapo ndipo pa kuwa waangalifu: mtoto asigeuzwe kuwa mkalimani wa hospitali, wa benki au wa ugomvi wa wanandoa wa kanisani. Tuliweka sheria kwamba mambo ya watu wazima hutafsiriwa na watu wazima, na tuliishika hata ilipotugharimu.

Kitakachowagusa zaidi ni heshima. Kule mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza, na mtoto hubishana na mkubwa bila mtu kushtuka. Msishindane na shule. Sisi tuliendelea kusema Kiswahili ndani ya nyumba, shikamoo ikabaki kuwa shikamoo, na waumini wetu wa Ekuador na Kolombia, ambao nao husikitika wanapoona watoto wao wakipoteza adabu za kwao, walianza kuwaleta wanao nyumbani kwetu Jumamosi ili wakae na wetu.

Kisha kuna sikukuu. Katika Machi, Valencia nzima husimama kwa ajili ya Fallas: tangu tarehe 1 fataki hulipuliwa kila siku saa nane mchana mbele ya manispaa, sanamu kubwa za mbao na maboksi huwekwa mitaani, na usiku wa tarehe 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, huchomwa zote. Tarehe 17 na 18 watu huandamana kupeleka maua kwa Bikira Maria. Wazazi wa kiinjili huulizana kila mwaka waruhusu nini. Msimamo wetu, na wengine hawakubaliani nao, ni kwamba watoto wetu hushiriki maonyesho ya shule na kutazama moto pamoja na majirani, lakini hawaendi kwenye maandamano ya maua. Tuliwaeleza walimu mapema na kwa upole, na hakuna aliyetudharau. Ukijitenga na mtaa mzima kwa siku zote 19, mtaa hautakusikiliza siku nyingine yoyote.

Msiwasahau wale Wahispania wachache. Mzee mmoja wa ushirika wetu alikulia enzi za Franco, dikteta wa Hispania, wakati ibada za Waprotestanti ziliruhusiwa faraghani tu na kanisa halikuruhusiwa kuweka hata kibao nje. Sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1967 ililegeza hali hiyo, katiba ya mwaka 1978 ikaondoa dini ya taifa, na mkataba wa mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa ya kiinjili ukaipa ndoa inayofungwa na mchungaji nguvu ya kisheria. Wahispania wengi hudhani ulokole ni kitu kilicholetwa juzi na wahamiaji. Mzee huyo hupenda kuwakumbusha vijana kwamba Biblia wanayoisoma ilianza na Casiodoro de Reina, mtawa wa Santiponce karibu na Seville, aliyetoroka nchi mwaka 1557 na kuichapisha Basel, Uswisi, mwaka 1569; Cipriano de Valera akaisahihisha mwaka 1602, na toleo la mwaka 1960 ndilo lililo mikononi mwa karibu waumini wetu wote. Someni historia hiyo kabla ya kwenda. Itawasaidia kuingia kama wageni wa kanisa lenye damu na majina yake.

Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika jimbo hilo, wengi katika miji ya kusini mwa jiji: Paiporta, Catarroja, Alfafar na mingine. Jiji lenyewe lilikingwa na mkondo mpya wa mto Turia uliochimbwa baada ya mafuriko ya mwaka 1957. Ukumbi wetu ulisalimika, tukaujaza maji ya kunywa, buti na nepi, na vijana wakavuka daraja kwa miguu kila asubuhi wakiwa na makoleo na mifagio. Waliokuwa mstari wa mbele walikuwa watu wasio na hati. Waliingia katika nyumba za wazee wa Kihispania wakazoa tope hadi kwenye makabati, na baadhi ya wazee hao sasa huja kula nasi Jumapili.

Mwisho, maandalizi. Mtumishi wa dini hahitaji kibali cha kawaida cha kazi ikiwa kanisa linalomwalika limesajiliwa katika daftari la taasisi za kidini la serikali na shughuli zake ni za kidini tu. Maana yake ni kwamba huwezi kutegemea kufanya kibarua kando mchango wa nyumbani ukichelewa. Kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi na makanisa yote mawili, nani analipa kodi ya nyumba na kwa muda gani, na hali ya kisheria ya mkeo itakuwaje. Vyeti vya kuzaliwa vya RITA na cheti cha ndoa vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Hispania Dar es Salaam, na vitafsiriwe na mtafsiri anayetambuliwa nao. Dada yetu, mkeo, aanze Kihispania sasa hivi pamoja nawe, wala asisubiri kufika, kwa sababu wanawake wale watamfungulia yeye mioyo yao kabla hawajakufungulia wewe. Akipenda, aniandikie ujumbe hapa jukwaani, nami nitamjibu maswali yake mwenyewe, hasa yale ya kliniki na ya mavazi ya watoto kipindi cha baridi.