Maswali na majibu: Kaunti ikikutoza, ni kwa sheria gani?

Tangu kaunti 47 za Kenya zianze kazi mwaka 2013, maswali ya kodi yanayotufikia yamehamia karibu na nyumbani. Wasomaji wanauliza habari za ushuru wa soko, vizuizi vya barabarani na barua za ada ya ardhi. Haya ni baadhi ya yanayojirudia. Msimamo wangu nautoa mapema: kaunti ina haki ya kutoza, na bila pesa hizo hakuna zahanati wala taa za barabarani. Lakini kila shilingi lazima iwe na sheria, na mzigo usimwangukie mnyonge kwa sababu tu ndiye rahisi kumkamata.

Nauza nyanya na vitunguu sokoni. Kila asubuhi natoa ushuru. Choo kimefungwa, taka hazizolewi, na mvua ikinyesha tunasimama kwenye matope. Naweza kukataa kulipa mpaka wasafishe? (Mama mboga, Pwani)

Mama, hasira yako ina msingi, ila kukataa ukiwa peke yako sikushauri. Sheria za fedha za kaunti, zile zinazopanga ada na ushuru, huweka adhabu kwa asiyelipa, na atakayebebewa beseni la nyanya ni wewe, si afisa aliyeacha choo kifungwe.

Hata hivyo, sheria iko upande wako kuliko unavyoambiwa pale langoni. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa kaunti njia mbili za kupata pesa. Ya kwanza ni kodi: ada za ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine ambayo Bunge litaidhinisha kwa sheria. Ya pili ni malipo kwa huduma ambazo kaunti inatoa. Ushuru wa soko unasimama katika njia hii ya pili. Kaunti isipozoa taka wala kufungua choo, inadhoofisha sababu yenyewe inayoipa haki ya kukutoza.

Kwa hiyo shikaneni, nyinyi wa soko zima. Andikeni barua mkitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, muulize mambo mawili: soko letu lilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, na kiasi gani kilirudi kulihudumia. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Kisha pelekeni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinampa mtu yeyote haki hiyo, na hamhitaji wakili. Ombi lenye sahihi za wachuuzi wote na picha za matope halipuuzwi kwa wepesi, hasa na mwakilishi wa wadi anayezitaka kura zenu.

Kuna dhuluma nyingine hapa ambayo haisemwi vya kutosha. Ushuru wa soko mara nyingi hutozwa kwa kiwango kimoja. Aliyeuza mafungu machache na aliyemaliza magunia hulipa sawa, na mvua ikikufungia siku nzima, ushuru unabaki pale pale. Katiba, kifungu cha 201, inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mswada wa fedha ukija kujadiliwa, ombeni ushuru upimwe kwa ukubwa wa biashara. Hilo ni dai la kikatiba, si kuomba huruma.

Nasafirisha viazi kutoka mlimani hadi Mombasa. Nalipa ushuru ninapopakia. Njiani kaunti nyingine zinanisimamisha na kunitoza tena, na nikifika sokoni natozwa mara nyingine. Ni halali? (Mfanyabiashara wa viazi)

Ndugu, swali lako ni zito kuliko yote niliyopata, kwa sababu linamgusa mkulima aliyekuuzia viazi, linakugusa wewe, na linamgusa anayekula chipsi Mombasa.

Kifungu cha 209(5) kinasema mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi yasitumiwe kwa namna inayodhuru sera za uchumi za taifa, shughuli za uchumi zinazovuka mipaka ya kaunti, au usafiri wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi nchini. Walioandika Katiba waliona mbele. Walijua kwamba ukigawa nchi mara 47 na kila sehemu ikawa na kizuizi chake, viazi vitaozea njiani.

Tuyatenganishe malipo yako. Ya mwisho, ya sokoni, ni ya huduma: unashusha mzigo na unatumia nafasi. Hayo yana msingi kama yamo katika sheria ya fedha ya kaunti hiyo. Ya kwanza, ya pale ulipopakia, ndiyo ushuru wa mazao. Zamani halmashauri ziliutoza kwa kutumia Sheria ya Kilimo, Sura ya 318, ambayo ilifutwa katika mageuzi ya sheria za kilimo ya mwaka 2013. Tangu hapo kaunti zimeutegemeza kwenye sheria zao za fedha, na wafanyabiashara wamebishana nazo mahakamani kuhusu msingi huo. Mkitaka kuupinga, hoja ipo: kama ni kodi, Bunge limeiidhinisha wapi? Kama ni malipo ya huduma, huduma ni ipi?

Ya katikati ndiyo mabaya zaidi. Kaunti unayopita tu, ambako hukushusha wala kupakia, imekupa huduma gani? Wakikwambia ni ya barabara, uliza ni barabara ya nani. Barabara kuu za taifa ziko chini ya serikali ya kitaifa, na kila lita ya dizeli unayonunua tayari ina tozo ya matengenezo ya barabara ndani yake. Kwa maoni yangu, malipo ya kupita tu yanagongana uso kwa uso na 209(5).

La kufanya barabarani: usipigane kizuizini. Lipa, dai risiti yenye jina la kaunti, tarehe na sababu ya malipo, na uhifadhi. Risiti za msimu mmoja kutoka kwa madereva kumi ni ushahidi wa kutosha kwa chama chenu kwenda Mahakama Kuu, ambayo kifungu cha 165 kinaipa uwezo wa kuamua kama sheria inakiuka Katiba. Kifungu cha 22 kinaruhusu chama kushtaki kwa niaba ya wanachama wake pale haki zilizo katika Sheria ya Haki, ile sura ya Katiba inayotaja haki za watu, zinapovunjwa, kwa hiyo dereva mmoja hana haja ya kubeba gharama peke yake. Na risiti ambayo sababu ya malipo imeachwa wazi, ihifadhi kuliko zote.

Tangazo la kikao cha kujadili mswada wa fedha lilitoka gazetini siku mbili kabla. Kikao kilifanyika makao makuu ya kaunti. Sisi wa vijijini tulisikia ada zimepanda wakati leseni zilipokuja. Tumechelewa? (Mwenye duka la rejareja)

Hamjachelewa, na mna mfano wa kuegemea. Mwaka 2013 Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria ya Fedha yenye ada zilizowakera wafanyabiashara. Robert Gakuru na wenzake walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha sheria hiyo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kaunti ikakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi wa jaji.

Lililo na thamani katika hukumu ile ni namna jaji alivyoeleza ushirikishaji wenyewe. Alisema bunge la kaunti lina wajibu wa kuhakikisha ujumbe umefika, kwa kutumia njia nyingi kadiri inavyowezekana: makanisa, misikiti, mahekalu, baraza za wazi, redio za taifa na redio za lugha za mama. Tangazo moja la gazeti kwa watu ambao wengi hawanunui gazeti halifikii kipimo hicho. Tangu hapo nimeona kaunti zikiwa waangalifu zaidi kwenye karatasi: orodha za mahudhurio, picha za watu wameketi hemani. Lakini orodha ya mahudhurio ni hatua ya kwanza tu. Swali ni kama mtu wa kawaida alipewa nafasi na muda wa kutosha kuelewa anachotozwa na kutoa maoni yake.

Sharti moja mlielewe vizuri. Mahakama haisemi kwamba maoni yenu lazima yafuatwe. Mnaweza kushirikishwa kikamilifu na bado ada zikapanda. Kwa hiyo kesi yenu isiwe "tulikataa wakatupuuza", iwe "hatukuulizwa". Kusanyeni nakala ya tangazo, tarehe zake, umbali wa kikao kutoka wadi zenu, na taarifa za viapo za wenye maduka. Andikieni karani wa bunge la kaunti mkiomba ripoti ya kamati ya fedha kuhusu mswada huo. Humo ndimo mtaona maoni ya nani yaliandikwa na ya nani hayakuandikwa. Na fanyeni haraka, kwa sababu kaunti hupitisha sheria ya fedha kila mwaka, na kesi ikichelewa hukuta sheria nyingine imeshachukua nafasi.

Nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Mwenye kiwanja anataka sasa tugawane ada ya ardhi anayodaiwa na kaunti, pamoja na malimbikizo ya miaka mingi. Nalazimika? (Mkaazi wa Mombasa)

Wasomaji wa bara huenda wakashangaa, lakini Mombasa nyumba bila ardhi ni jambo la siku nyingi: babu alijenga kwenye kiwanja cha mtu, na familia inamlipa mwenye kiwanja kodi ya kiwanja kila mwezi.

Ada ya ardhi, kwa asili yake, inamtazama mwenye hati. Kaunti ikidai, inamdai yeye. Wewe unabanwa na makubaliano yako naye, basi. Kama hayasemi lolote kuhusu ada ya kaunti, deni la miaka iliyopita si lako, na usitie sahihi karatasi yoyote inayolikubali kabla ya kuonyesha wakili au kituo cha msaada wa sheria. Anachoweza kufanya ni kutaka kupandisha kodi ya kiwanja kuanzia sasa, na hapo mtazungumza.

Lakini naelewa pia kwa nini anakukimbilia. Akitaka kuuza au kurithisha, huenda akatakiwa kuonyesha kwamba ada za kaunti zimelipwa.  Hapo ndipo deni lililolala miaka mingi huamka. Mwambie aulize kaunti kama ina msamaha wa riba na faini. Kaunti nyingi huutoa mara kwa mara kwa wanaolipa deni la msingi.

Suala la haki katika ada hizi ni thamani yenyewe. Nairobi ilitumia daftari la thamani, yaani orodha ya thamani za viwanja inayotumika kukadiria ada, la mwaka 1982 kwa miongo kadhaa, wakati mitaa yote ya mji ilibadilika. Daftari kuukuu humpendelea yule ambaye ardhi yake imepanda bei sana na haisemi lolote kuhusu aliyebaki pale pale. Kaunti yenu ikitangaza daftari jipya, nendeni mkasome thamani ya kiwanja mnachokaa. Tangazo lenyewe huweka muda wa kupinga, na ukipita, kupinga kunakuwa kazi ngumu.

Uwanja wa kanisa letu una vibanda tunavyokodisha. Kaunti imeleta barua ya ada ya ardhi. Si tumesamehewa? (Mzee wa kanisa)

Mahali pa ibada husamehewa, Mzee. Vibanda vya kukodisha si ibada. Ombeni kaunti itenganishe sehemu hizo mbili katika hesabu, ili msilipie uwanja mzima.

Gavana alitangaza mkutanoni kwamba bodaboda hatutalipa tena ada ya kila mwezi. Wiki iliyofuata askari wa kaunti walitukamatia pikipiki. Nani ana haki? (Mwendesha bodaboda)

Kwa masikitiko, kijana wangu, askari walikuwa karibu na sheria kuliko gavana. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayowekwa, kubadilishwa au kusamehewa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Kila msamaha lazima uwekewe kumbukumbu ya wazi pamoja na sababu zake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu. Neno la jukwaani halitoshi. Kifungu hicho hicho kinakataza sheria yoyote kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya cheo chake, jambo ambalo vijana wa stendi mngefaa kulijua mnapoambiwa nyinyi tu ndio wakwepaji.

Kuhusu pikipiki: ombeni hati ya kukamata inayotaja kifungu cha sheria kilichovunjwa, na mpelekwe mahakamani. Kifungu cha 47 kinawapa haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali na ya haki, na sababu zake kwa maandishi. Pikipiki kukaa uani kwa kaunti bila mashtaka, mwenyewe akiambiwa "ongea vizuri" ndipo aipate, hakuko katika sheria yoyote.

Mkusanyaji wa ushuru anasema mashine imeharibika, nimtumie kwa M-Pesa, nambari yake mwenyewe. Nifanyeje? (Fundi viatu)

Usitume. Kwa kifungu cha 207 cha Katiba, mapato ya kaunti huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, na simu ya mtu si hazina. Lipa kwa nambari rasmi ya malipo ya kaunti tu. Kama hujui ni ipi, iulize ofisi ya mapato ya kaunti ndogo, uiandike mahali pako pa kazi ambapo kila mteja na kila mkusanyaji ataiona. Akitishia kukuchukulia vifaa, mwambie aandike jina lake na nambari yake ya kazi kwenye karatasi, mbele ya jirani zako, kabla hajagusa kitu.