Nilimsubiri adui, hakuja

Mmetuuliza wiki hii ni filamu gani ya katuni tungetamani kuiona tena kwa mara ya kwanza. Yangu ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki. Ilitoka Japani mwaka 1988, lakini mimi niliiona nikiwa mtu mzima, usiku, peke yangu.

Mwanzoni nilikuwa namsubiri adui. Nyumba kuukuu, vidude vyeusi vya masizi vinakimbia ukutani, na msituni limelala dude kubwa lenye manyoya. Nikajua tu, mtoto ataliwa. Kumbe Mei, binti wa miaka minne, anapanda juu ya tumbo la dude hilo na kusinzia. Filamu inaisha na adui hatokei kabisa. Kuna mama tu, aliyelazwa hospitali.

Hapo ndipo iliponishika. Nilipokuwa na miaka tisa mama yangu alilazwa wiki nyingi, nami kama mkubwa nikajikaza: nikamwogesha mdogo wangu, nikamsuka, nikamwambia mama anakuja kesho. Satsuki, dada yake Mei, ni vivyo hivyo. Anapika, anawafungashia baba na Mei chakula, anacheka. Kisha telegramu inafika kutoka hospitali, safari ya mama kuja nyumbani inaahirishwa. Anamwambia bibi jirani kwamba hata mara ile waliambiwa ni siku chache tu, halafu anaangua kilio, mdomo wazi. Nilisimamisha filamu. Mimi sikuwahi kulia vile.

Baadaye nilisoma kwamba mama yake Miyazaki aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi, mwanawe akiwa bado mdogo. Sikushangaa hata kidogo.

Wengi husifia pale kwenye kituo cha basi, matone ya mvua yakidunda juu ya mwavuli, na kweli ni pazuri mno. Mimi moyo wangu uko kwenye lile hindi moja ambalo Mei analikumbatia na kutoka nalo kwa miguu, ampelekee mama apone. Mwishowe linaachwa dirishani mwa wodi, majani yake yamechorwa maneno ya kumwambia mama ni lake. Mabinti hawaingii. Wanamtazama kutoka juu ya mti, anacheka na baba yao.

Nilimpigia simu mdogo wangu usiku uleule, nikamuuliza kama anakumbuka siku zile. Alisema anachokumbuka ni kwamba kila nilipomsuka, mikono yangu ilikuwa ikitetemeka.