Baiti hazifiki zote pamoja

Nyinyi mliojiunga nasi hapa Kisumu kuandika seva ya kupokea data za vifaa vya kufuatilia magari, lieleweni hili mapema: TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni, haijui ujumbe wenu unaanzia wapi wala unaishia wapi. Yenyewe hupitisha baiti tu. Matatu ikiwa njiani kwenda Busia, kifaa chake kinaweza kutuma ujumbe wa baiti 60, zikafika 13, nyingine zikaja mtandao ukirudi.

Kwa hiyo kichanganuzi (parser, yaani msimbo unaogeuza baiti kuwa data yenye maana) chenye majibu mawili tu, "nimesoma" na "kuna kosa", hakifai. Lazima kiwe na la tatu: "bado, lete nyingine." Kwenye Haskell, lugha ya programu tunayotumia, maktaba iitwayo binary imelipanga vizuri. Ukiita runGetIncremental, unarudishiwa Done (nimesoma), Fail (kuna kosa) au Partial (bado). Partial imebeba fanksheni inayosubiri kipande kijacho. Ukiipa baiti ndani ya Just (alama ya Haskell ya "kipo"), inaendelea pale ilipoachia. Ukiipa Nothing, umeiambia hakuna kingine kinachokuja. Attoparsec, maktaba nyingine ya uchanganuzi, hutumia kipande kitupu kwa maana hiyo, na mimi naona huo ni mtego: hatua ya kufumua data iliyobanwa ikitoa kipande kitupu, kichanganuzi kitadhani data imekwisha.

Chukua namba ya baiti 4, baiti nzito ikitangulia: 00 00 00 2A kwa heksadesimali, yaani 42. Zikifika 00 tatu pekee, getWord32be, fanksheni ya kusoma namba kama hiyo, haikisii wala hailalamiki, inarudisha Partial. 2A ikija, Done inakupa 42, idadi ya baiti zilizotumika, na salio. Salio hilo ndilo mwanzo wa ujumbe unaofuata! Lipoteze uone: ujumbe wa kwanza unasomeka, wa pili ni takataka.

Alama ya <|> (jaribu njia ya kwanza, ikishindwa jaribu ya pili) itumieni kwa uchoyo. Kila njia panda hulazimisha kichanganuzi kushika baiti zote tangu hapo, kisije kikahitaji kurudi nyuma. Kwa kawaida inatosha kusoma baiti ya aina ya ujumbe, kisha kuchagua njia moja kwa case.

Urefu ulioandikwa kwenye ujumbe msiuamini. Baiti 4 zinaweza kudai karibu gigabaiti 4, kwa hiyo wekeni kikomo. Tena, kipande kinachokatwa kwenye ByteString, aina ya Haskell ya kuhifadhi baiti, hakinakiliwi. IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) ya tarakimu 15 ukiihifadhi siku nzima, inashikilia bafa (sehemu ya kumbukumbu) yote ilimotoka, isipokuwa umetumia copy.

Kabla ya kuniletea kazi niipitie, chukueni ujumbe mmoja halisi, mkaukate kila mahali unapokatika, kisha mkaulishe baiti moja moja. Majibu yasipolingana, msinitumie bado.