Kabla hamjaandika masharti ya kelele mtaani kwenu: yaliyotukuta sisi Moshi

Mkuu, umesema mwenyekiti wenu wa mtaa huko Arusha amewateua watu watano muandike masharti ya kelele, mna baa, kanisa, msikiti na gereji, na kikao cha kwanza kimevunjika kwa matusi. Nimecheka, ila si kwa dharau. Nimewahi kuwa katibu wa kamati kama hiyo mtaani kwetu upande wa Rau, Moshi, na kikao chetu cha kwanza kilikuwa na makelele kuliko hiyo baa tuliyokuwa tunaijadili.

Kilichotuponza ni neno lenyewe. Tuliandika "ni marufuku kupiga kelele", na kila mtu akajiona ndiye anayesemwa. Mwenye baa akasema kwake kuna muziki, hakuna kelele. Mzee wa kanisa akasema kwaya ni ibada. Mama mmoja mfugaji akauliza kama jogoo wake naye ataitwa kwa mtendaji. Tukabishana wiki tatu. Aliyetutoa hapo ni meku mmoja, yaani mzee wa Kichaga, ambaye muda wote alikuwa kimya: "Mimi sina haja ya kujua anapiga nini. Niambieni anazima saa ngapi."

Tangu siku hiyo, kila sharti lililoshika lilikuwa kitu ambacho mtu akisimama barabarani anakiona au anakisikia bila ubishi: saa, spika imeelekea wapi, mlango umefungwa au uko wazi, simu ya nani inapigwa. Maneno kama "sauti ya wastani" au "bila kuwakera majirani" tuliyaweka mara ya kwanza, yakatufia mikononi.

Mtashawishika kupima kwa simu. Nasi tulipakua hizo programu za kupima desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, tukaweka simu tatu juu ya meza moja, zikatoa majibu matatu. Mwenye baa akachagua simu iliyompendeza. Achaneni nazo. Kipimo kinachoweza kusimama mbele ya mtu anayekataa ni cha maofisa wa mazingira, kilichohakikiwa.

Ila elimu kidogo ya desibeli itawapunguzia ugomvi, na hapa naomba nikae kidogo. Baada ya malalamiko yetu, yule mwenye baa alizima spika mbili kati ya nne. Akaapa mbele ya mwenyekiti kwamba amepunguza nusu. Majirani wakaapa hajapunguza chochote. Tulimwona mwongo, tena na mimi nilimsema vibaya. Baadaye kijana wetu mmoja fundi mitambo akatueleza: ukikata nguvu ya sauti nusu, umeshusha desibeli 3 tu, na sikio linazitambua kwa shida. Ili msikilizaji aone sauti imeshuka kama nusu, inabidi ushushe desibeli 10 hivi, maana yake nguvu ibaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo jamaa alikuwa mkweli, na majirani walikuwa wakweli. Tulikuwa tunagombana bure, aisee.

La pili ni besi, yaani sauti nzito za muziki. Tulimtaka ageuze spika zielekee shamba la mahindi, akageuza. Maneno ya nyimbo yakapungua kweli, lakini mama mwenye nyumba ya nyuma akalalamika vyombo kabatini bado vinatetema. Sababu ni kwamba sauti nyembamba zinafuata mwelekeo wa spika, ila besi inasambaa pande zote na ukuta wa tofali hauizuii sana. Sabufa, ile spika ya besi, ikiwa chini, kwenye kona ya kuta mbili, kona yenyewe inaiongezea nguvu. Kijana akaitoa konani na kupunguza besi kwenye mashine. Wateja hawakugundua. Mama wa nyuma aligundua usiku uleule. Kama mnaandika sharti moja tu la baa, andikeni kwamba baada ya saa 3 usiku besi inashushwa na sabufa haikai kwenye ukuta wa jirani.

Na msiende kusikiliza saa 10 jioni halafu mkasema mbona sauti si kubwa. Huku kwetu chini ya mlima, jua likizama hewa ya karibu na ardhi inapoa haraka kuliko ya juu yake, na sauti ambayo mchana ingepaa inapindishwa kurudi chini. Ongeza na ukimya wa usiku. Mashine ikiwa palepale ilipokuwa jioni, saa 6 usiku inasikika mbali kabisa. Mwenye baa hachezei kitufe, ni anga.

Kuhusu nguvu za kisheria, msijidanganye. Mtaa hautungi sheria ndogo. Kwa mijini mwenye mamlaka hayo ni halmashauri ya manispaa au jiji. Wenzetu wa vijijini, Kibosho au Uru, kijiji chao kinaweza kutunga, ikipita kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sisi tulichokuwa nacho ni makubaliano, yakaingia kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, watu wakatia saini. Tulitaka kuweka faini ya elfu hamsini. Mtendaji akatuambia wazi kwamba pesa ya faini isiyo na stakabadhi ya serikali itatuletea kesi sisi. Tukaifuta.

Makubaliano hayo yana meno kwa sababu nyuma yake kuna sheria kubwa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015, zinazotenganisha mchana na usiku na kuyapa makazi kiwango cha chini kuliko viwanda. Anayekataa mtaani, barua inaenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa ofisa mazingira wa halmashauri, kisha NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambao nyinyi mko jirani nao, ofisi yao ya kanda ya kaskazini iko hapo hapo Arusha. Ambatanisheni muhtasari wenye saini na orodha ya tarehe na saa. Barua inayosema "anatusumbua sana" inasubiri. Ile yenye tarehe tisa na saa tisa inasomwa.

Nyumba za ibada ziendeeni wenyewe, wazee wachache, msiziite kikaoni. Sisi tulikosea, tukawaita wote siku moja, kila upande ukaanza kuhesabu dakika za mwenzake. Kilichokubalika baadaye ni kwamba spika za nje ni za kuita watu, yaani adhana na kengele, na mahubiri, mawaidha na kwaya zinabaki kwenye spika za ndani. Mkesha unatangazwa wiki moja kabla. Hakuna aliyejiona ameshindwa, kwa sababu sharti lilikuwa moja kwa wote.

Misiba tuliiacha huru. Nani atamzimia mfiwa spika? Ila wekeni mpaka, maana kuna familia ilifanya arobaini yenye dijei na taa za rangi mpaka alfajiri, tulipouliza tukaambiwa "huu ni msiba". Sasa tunasema msiba ni mpaka siku ya maziko.

Halafu Desemba. Nyinyi wa Arusha mnajua, Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila boma lina kipaimara, sendofu au harusi, na kila shemeji kutoka Dar anataka muziki wake usikike mpaka Himo. Tulifungua daftari, likakaa duka la mangi pale njia panda: anayetaka sherehe anaandika tarehe, anataja atakayeshika simu usiku huo, na saa ya kuzima. Muziki wa nje mwisho saa 5, usiku wa harusi saa 6. Simu ndiyo ilifanya kazi kuliko yote. Jirani akikereka hampigii polisi, haendi getini kugombana na walevi. Anapiga namba iliyo daftarini, na mwenye namba haruhusiwi kunywa.

Mwaka wa pili nilifanya kipaimara cha binti yangu. Katibu mzima. Shemeji yangu alilipia dijei, kwa hiyo alijiona mwenye dijei. Saa 5 na dakika 10 simu yangu ikaita, ni yule mama wa nyuma ya baa. Hakufoka, aliniuliza tu, "Baba, saa yako imesimama?" Nikaenda kuzima, shemeji akaninunia mpaka Krismasi. Kesho yake dukani watu walinitania, lakini nilivyoona, kuanzia hapo hata wagumu walianza kuandika tarehe zao. Nadhani walikuwa wanasubiri kuona kama katibu naye anazimwa.

Gereji yenu sina jibu zuri. Yetu bado inatusumbua. Fundi bodi akigonga bati hapunguzi besi wala hageuzi spika, na mwenye gari anataka gari lake. Tumekubaliana asianze kugonga kabla ya saa 2 asubuhi, na Jumapili afanye kazi za kupiga rangi na kukaza nati tu. Jumapili tatu kati ya nne anatii. Ile ya nne huwa ana mteja anayesafiri, na mimi nimechoka kwenda kuuliza ni mteja gani. Kama huko kwenu mtapata njia, rudi utuambie.