Saratani Haibashiriwi

SWALI: Assalaam alaykum, Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, Chake Chake. Nimekutana na kichwa cha habari hiki: "Wataalamu wabashiri kusambaa kwa saratani ya ngozi kupitia alama za tishu za uvimbe". Mwenzangu anashikilia kuwa ilitakiwa "watabiri". Nani mwenye haki?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mwenzako ana haki robo. Aliyeandika kichwa kile hata robo hana.

Bashiri ni neno la Kiarabu, ndugu yake bishara, na huko kwao ni kupeleka habari njema. Mke kajifungua salama, mtu anatoka mbio kumwambia baba mtoto: huyo kabashiri. Sasa mchukue daktari. Kakata kinyama kwenye unyayo wa mzee, kakipeleka maabara, majibu yamerudi. Anaingia wodini uso umemkunjuka: "Mzee wangu, nakubashiria, saratani yako itaenea!" Mzee afanye nini? Amvike kanzu? Atume mtoto akanunue halua watu wale? Majirani waje kutoa hongera, na wakifika waambiwe hongera ya nini?

Najua atatokea mtu wa chuoni anijibu kwa aya: "Wabashirie adhabu iumizayo." Naam, ipo. Na wafasiri wamekwishasema kuwa pale pana kejeli. Daktari hana ruhusa ya kumkejeli mgonjwa.

Tena vijana nao wamelibeba neno hilo wakalitia kwenye mpira. Siku hizi kubashiri ni kuweka pesa kwa simu kuwa Simba itaifunga Yanga, na ile orodha ya mechi wanaiita mkeka. Mkeka! Sisi tunasuka ukindu tupate pa kulala, wao mkeka wao unachanika kila wiki. Mtu akisoma "wataalamu wabashiri saratani", ana haki ya kuuliza wameweka shilingi ngapi.

Tabiri lina afadhali. Asili yake ni kufasiri ndoto, kazi aliyoifanya Nabii Yusuf gerezani, kisha likahamia kwa wanajimu, na sasa limeajiriwa hali ya hewa. Hapo nimechoka kugombana. Mvuvi akiambiwa kuna upepo mkali haulizi neno limetoka wapi. Ila maabara hakuna ndoto wala nyota. Mna darubini. Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionesha kuwa unene wa melanoma, ile saratani ya ngozi inayoanzia kwenye seli za rangi, ukipimwa kwa milimita, unahusiana na hatari ya kurudi na kuenea kwake. Wataalamu wanaangalia pia kama ngozi ya juu imechimbika kidonda, wanahesabu seli zinazogawika, wanatia rangi ili ionekane protini kama Ki-67, ambayo huwamo katika seli zinazogawika, na tezi ya limfu iliyo karibu nayo huenda ikachunguzwa. Mwisho hawasemi "itaenea". Wanasema katika wagonjwa 100 wenye uvimbe kama huu, kiasi gani huenea. Hiyo ni kukadiria. Neno tunalo na kila fundi analijua, sijui waandishi wanalikimbia kwa nini.

(Nimesema unyayo makusudi. Kwetu watu weusi melanoma hupenda kuanzia nyayoni, viganjani na chini ya kucha. Bob Marley ilimwanzia kidole cha mguu, ikamuua 1981.)

Mengine nayapitia mbio. "Kupitia alama": mtu huenda Mkoani kwa kupitia Mtambile, kwenye alama hapapitwi, sema "kwa". Alama zenyewe zirudishwe skuli, maana uvimbe haukufanya mtihani. Hapa ni viashiria. Kusambaa si kosa, ila mimi kwa ugonjwa husema kuenea. Saratani msiiguse: ni kaa kwa Kiarabu, na Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la mdudu huyo huyo.

Kichwa kingekuwa hivi: "Wataalamu wakadiria hatari ya saratani ya ngozi kuenea kwa viashiria vya tishu ya uvimbe". Kirefu, lakini hakimpongezi mgonjwa.

Tishu nimeiacha kwa shingo upande. Juzi harusini niliomba tishu, nikaletewa karatasi ya kufutia mikono, na kusema kweli ndiyo niliyoitaka.