Pesa nyingi ya msaada wa Uingereza haivuki hata bahari

Umeuliza kama pesa yote ambayo Uingereza inaiita msaada inafika nchi maskini. Haifiki yote, ndugu yangu. Kanuni za OECD, jumuiya ya nchi tajiri inayoamua nini kihesabiwe kuwa msaada, zinairuhusu nchi mfadhili kuhesabu kama msaada gharama za kumtunza mkimbizi ndani ya nchi yake kwa miezi 12 ya kwanza. Kwa hiyo kitanda cha hoteli na sahani ya chakula ya mwomba hifadhi aliyeko Uingereza vinaandikwa kwenye daftari lile lile la chanjo na visima. Mwaka 2023 gharama hizo zilifika pauni bilioni 4.3 kati ya bilioni 15.3 za msaada wote, yaani zaidi ya robo! Mkimbizi ana haki ya kutunzwa, hilo silipingi hata kidogo, ila atunzwe kwa fungu lake. Na hili fungu la misaada linazidi kusinyaa: lilikuwa asilimia 0.7 ya pato la taifa, likashushwa hadi 0.5 mwaka 2021, na Februari 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akatangaza 0.3 ifikapo 2027, ili pesa iende kwenye ulinzi. Ukiifungua bajeti yao, tazama kwanza kiasi kinachopitia Wizara ya Mambo ya Ndani, maana ndiyo inayolipia hoteli za waomba hifadhi.