Uzoefu wa kazi ya bahari unapatikana diko, wavuvi wanaposhusha samaki, si ofisini

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi kaniandikia: "Dada, nina digrii ya sayansi ya bahari. Kila ninakoomba kazi ya uhifadhi wanataka uzoefu. Nitautoa wapi?" Ujumbe wa aina hii huwa naupata sana. Huu nimeamua kuujibu hapa, kwa sababu juzi tu tumefungua mwamba wa pweza kijijini kwetu, baada ya kuufunga kwa muda ili pweza wakue, na mimi ndiye niliyesimamia mizani.

Mimi ni mtoto wa Kilwa. Mama na shangazi zangu ni wachokoaji wa pweza: bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana) likifika, maji yakishakupwa, wanashuka mwambani na vijiti vyao. Nilipokwenda chuo cha Mbegani, Bagamoyo, kusomea stashahada ya uvuvi, tayari nilikuwa naijua tofauti ya pweza dume na jike. Ukitazama mnyiri (mkono wa pweza) wa tatu wa kulia, wa dume ncha yake haina vinyonyo. Wenzangu waliisoma kwenye karatasi, mimi nilifundishwa na shangazi.

Kilichoniongezea shule ni sababu. Pweza jike hutaga mara moja tu maishani, hulinda mayai bila kula, kisha hufa. Lakini pweza hukua upesi mno, kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi mitatu tu, tofauti unaiona kwenye mizani. Wavuvi wa Andavadoaka kule Madagaska walianza hivyo mwaka 2004, na leo Songosongo na Pemba nako wanafunga miamba. Siku ya kufungua lazima awepo mtu wa kupima kila pweza, kuandika uzito na jinsia, na kumwambia mama wa watu kwamba huyu hajafika gramu 500, sheria hairuhusu. Amwambie bila kumdhalilisha mbele ya wenzake. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, ndugu yangu, na huwezi kuijifunza kwa kutuma barua pepe.

Niseme na hili, maana bado linaniuma. Kuna mradi mmoja nilikusanya takwimu diko kwa muda mrefu, jua langu, mvua yangu. Ripoti ilipotoka ilikuwa na jina la mtaalamu aliyekuja kututembelea na kuondoka. Sisi tuliandikwa "wanajamii". Mama aliniuliza jina langu liko ukurasa gani, nikakosa la kumjibu. Tangu siku ile kila fomu ninayojaza naandika jina langu, tarehe na mahali, nakala naiweka kwangu, na kabla ya kuanza kazi nauliza takwimu zitatumikaje na nani atatajwa. Nanyi fanyeni hivyo. Usione haya kudai jasho lako!

Sasa, vijana, acheni kungoja tangazo la ajira. Nenda kwenye BMU, yaani kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi, iliyo karibu nawe, omba kusaidia kuandika mavuno. Jifunze kuogelea vizuri, maana nimeona wahitimu wa bahari wanaoogopa maji ya kifuani. Jifunze Excel. Jifunze kukaa na wazee na kusikiliza kabla ya kuzungumza, hili nalisisitiza kuliko yote. Mlio kwenye maziwa msijione mmeachwa, FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, ina kampasi Nyegezi na Kibirizi, na maji baridi yana kazi zake. Kisahani cheusi na cheupe kinachoshushwa kwa kamba mpaka kisionekane kinakupa kipimo cha uangavu wa maji ya ziwa, na hicho hata fundi wa mtaani atakutengenezea.

Wewe wa Lindi, bamvua lijalo njoo Kilwa. Beba daftari, penseli (kalamu ya wino haifai pakiwa na maji) na viatu vya kukanyagia mwamba. Utaanza kwa kushika fomu, mizani utaikamata baadaye, na jina lako utaliandika mwenyewe juu ya karatasi.